Kidole cha Mama Bonyeza

Wifi yangu, mtunza ghala wa shirika kubwa linalolisha watoto wenye utapiamlo, hakuitwa Mama Bonyeza kwa kupenda kompyuta. Shirika liliponunua mfumo wa kidijitali, wakuu walihudhuria uzinduzi, wakapiga picha, kisha kila mmoja akamkabidhi yeye neno lake la siri. Tangu hapo ikawa, "Mama, nibonyezee hapo." Mkurugenzi hakuwahi kuufungua mfumo huo, kidole cha wifi yangu ndicho kilichoidhinisha kila kitu kwa jina lake. Makao makuu yakamsifu mkurugenzi kuwa kiongozi hodari kuliko wote katika kuutumia. Sifa za namna hiyo hutia kichefuchefu.

Kisha ukaletwa unga wa uji uliolowana njiani. Wifi alipofungua gunia, uvundo ulimpiga usoni; ndani mlikuwa na mabonge ya kijani, na funza wakijinyonganyonga. Mfumo ulimtaka mkurugenzi athibitishe kwamba unga unafaa kuliwa, ndipo lori liupeleke kwa watoto.

"Bonyeza, mama," mkurugenzi alisema, leso puani. "Wafadhili wako njiani."

"Njoo uuone kwanza, baba."

"Nimeshaunusa, inatosha."

"Basi kama umeunusa, bonyeza mwenyewe. Matumbo ya watoto si jalala."

Dereva wa lori akaangua kicheko. "Bosi, leo kidole kimegoma!"

Mkurugenzi akaketi mbele ya kompyuta ya ghala. Neno lake la siri alikwisha kulisahau, na kumuuliza wifi mbele ya dereva aliona haya. Akajaribu hili, akajaribu lile, hadi mfumo ukamfungia nje. Lori halikuondoka.

Wafadhili walipofika, wakakuta magunia yananuka na lori limesimama. Mkurugenzi akawaambia bila kupepesa macho, "Mfumo huu ni mbovu. Umechelewesha chakula mpaka kimeoza. Tunahitaji mwingine." Nao wakatikisa vichwa kwa huruma, wakaahidi kununua mwingine. Mfumo mbovu! Kilichooza pale kilikuwa unga. Na kingine kilichooza kilikuwa kimevaa tai.

Wageni walipoondoka, unga ukachomwa moto nyuma ya ghala. Mkurugenzi alikuwa bado kitini, ametulia kama aliyeshiba.

"Mfumo mpya ukija, utatubonyezea tena wewe, eh, mama?"

Wifi yangu alikuwa ameshika ufagio.

"Inua miguu, baba."

Akainua. Wifi akafagia funza waliokuwa wakitambaa chini ya kiti, akawazoa, akawamwaga pipani, akakibana kifuniko.