Maharagwe ya Mama Njeri

Leo nimenyamazisha duka zima kwa neno moja.

Niko kwa Mama Njeri hapa Kapsoya, TV inaonyesha uchaguzi wa Amerika. Mtangazaji anazungukazunguka tu, hataki kutaja wapiga kura weusi na weupe. Nikacheka: "Si aseme tu! Anaogopa nini?"

Halafu nikaagiza: "Mama, nipimie yale maharagwe ya madoadoa."

Wateja wote wakanigeukia.

Jameni! Mimi Mkalenjin, namtajia "madoadoa" Mkikuyu aliyechomewa duka kwenye vurugu za kura zetu hapa, wakati wachochezi walitumia neno hilo kuwaita watu kama yeye madoa ya kufutwa.

Mama akaniangalia. "Sasa umejua anaogopa nini?"

Kisha akacheka, akajaza gorogoro, lile kopo la kupimia, mpaka maharagwe yakamwagika. "Beba, mwanangu. Ni maharagwe tu."

Yako jikoni sasa hivi. Asante, Mama.

Lakini nisaidieni: kesho niyaitaje?