Maneno ya Kitambaa cha Harusi

Mwanangu, ipo siku niliyocheka, na mpaka leo nikiikumbuka natamani ningenyamaza.

Nilikuwa msichana, nimetoka kwetu Uvira, Kongo, mwaka uleule, nashona kwa Anti Saroja, ghorofani juu ya maduka ya jumla katikati ya Johannesburg. Wazee wake walitoka Uhindi ya kusini kuja kukata miwa Natal, wakaja na Kitamil chao cha shamba, na Anti hakujua Kitamil kingine. Kila nguo ya bibi harusi, kabla mkasi haujagusa kitambaa, alipaka binzari kidogo kwenye ncha, akainama, akakisemesha. Yalikuwa maneno ya baraka ya bibi yake. Sisi mafundi tulizima cherehani mpaka amalize, hata mimi mropokaji.

Basi akaja mteja kutoka India, Mtamil msomi, hariri mwili mzima. Alipomsikia akaangua kicheko. "Hivyo walisema wakulima wa zamani! Siku hizi nani anaongea hivyo?" Nami nikacheka naye. Sikujua Kitamil hata neno moja, mwanangu. Nilitaka tu mteja anione mjanja.

Anti akakata kitambaa kimya. Harusi iliyofuata, kimya. Wiki ya tatu nikashindwa kuvumilia, nikamwomba radhi, nikamsihi ayaseme tena.

"Eish, Furaha," akaniambia, bila hasira. "Yule mgeni hakuniumiza. Wewe ndiye uliyekuwa unazima cherehani."

Hakuyasema tena. Binti zake walijua Kiingereza tu, kwa hiyo alipofariki maneno yale yalikwenda naye. Msibani nililia kwa aibu zaidi kuliko kwa uchungu.

Sasa wewe. Jumapili bibi yako alikuuliza kwenye simu, kwa Kiswahili chetu cha Kongo, "Mutoto yangu, unakulaka muzuri?" Rafiki yako Mtanzania akacheka, nawe ukacheka. Nilikuwa jikoni, nikasikia. Naye mama yangu alisikia, maana tangu hapo akipiga hasemi tena nikupe simu.

Sikukaripii, nilikuwa mjinga kuliko wewe. Ila mimi nilingoja wiki tatu, na zilikuwa nyingi mno. Usimcheke mtu kwa lugha iliyomlea, na ukishamcheka, usichelewe kurudi. Mjibu kwa Kiswahili chake, hata kikikukwama, hata ukikichanganya na Kizulu. Akikucheka, mwache acheke, hiyo ni haki yake.

Mungu akulainishie ulimi, na siku ya harusi yako awepo wa kukisemesha kitambaa. Haya, simu ndiyo hii, shika. Inaita.