Masufuria ya Pilau Bwawani

Nyumba yetu ya North York, hapa Toronto, tuliinunua pamoja na bwawa la kuogelea ambalo hatukuliomba. Hakuna mtu ndani ya nyumba hiyo anayejua kuogelea. Mimi mwenyewe natoka Tabora. Lakini kila baridi inapokaribia nalifunga bwawa kwa mikono yangu, tena kwa nidhamu ambayo mke wangu anasema hajawahi kuiona kwangu kwenye jambo jingine lolote. Napunguza maji, napuliza mabomba hadi yakauke, nakausha mashine ya kupashia maji joto, naziba matundu, natandika turubai. Ukiacha maji bombani yakaganda, bomba linapasuka chini ya zege, na hapo utajua hujui.

Jumamosi ile nilikuwa nimebakiza turubai tu. Mke wangu akatoka uani na rafiki yake, Mkenya anayefanya naye kazi kwenye makao ya wazee. Nyuma yao alikuja mama mzazi wa huyo rafiki, bibi mwembamba aliyevaa makoti mawili. Alipita moja kwa moja mpaka ukingoni, akayakagua maji yangu kama mtu aliyeletwa kuona kiwanja.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, kijana. Ni hapa?"

Nikamwangalia mke wangu. Mke wangu akaangalia majani.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Bibi alikuwa ameokoka hapa hapa Toronto, kwenye matembezi ya kumwona binti yake, na alitaka kubatizwa kabla ya kupanda ndege Jumatatu. Kanisa lao linakodi ukumbi wa shule, na hubatizia ziwani, tena kiangazi tu. Mchungaji alipendekeza watumie bafu la nyumbani. Bibi alikataa katakata: hawezi kuzaliwa upya mahali watu wanaposugulia visigino.

"Si abatizwe akifika kwao?" nikauliza. Nilidhani Machakos nako kuna maji.

Yule rafiki akainamisha uso. "Shemeji, mimi siwezi enda. Papers zangu bado ziko immigration. Nikitoka Canada sirudi."

"Mungu ataniona mahali popote," bibi akasema, akimwonyesha binti yake kwa kidole. "Huyu ndiye nataka anione."

Nilikasirika. Nikajitetea kwamba mashine ya joto nimeshaikausha, kwamba maji yale yangemuua hata chura, kwamba mimi si mhudumu wa kanisa. Mke wangu alinisubiri nimalize, kisha akasema tuna masufuria. Yeye ndiye mpishi wa shughuli za Waislamu wenzetu wa huku, na masufuria yote ya pilau ya Maulidi na harusi yanakaa gereji kwetu. Lile kubwa kabisa unaweza kumwogeshea mtoto wa darasa la kwanza.

"Uchemshe bwawa?" nikamuuliza. "Hiyo ni kutia kijiko cha chai ziwani."

"Siyo bwawa zima. Pale atakaposimama."

Nikawaambia kwamba maji ya moto hayakai pale unapoyamwaga, yana tabia ya kwenda zake. Nilisema kwa sauti, kwa Kiswahili fasaha, na hakuna aliyenisikiliza.

Jumapili, ibada ilipokwisha, kanisa zima likahamia uani kwangu. Kulikuwa na kwaya iliyovaa glavu, chupa za chai na beseni la mandazi. Majiko ya gesi yalinguruma. Wazee wa kanisa walibeba masufuria wawili wawili, wakiyashika kwa matambara, wakamwaga pale penye ngazi, nami nikakoroga kwa mti wa wavu wa kuokotea majani. Sasa, masufuria yale yamepika pilau miaka mingi, na hata uyasugue vipi, hayasahau. Mvuke ulipanda na iliki na mdalasini, macho ya mafuta yakaanza kuelea, na mmoja wa kwaya akauliza chakula kiko saa ngapi.

Bibi akanusa. "Mnanibatiza ama mnanipika?"

Mchungaji akatokea na suruali ya mpira ya wavuvi, ile inayofika mpaka kifuani. Bibi alimtazama kuanzia juu hadi chini. Mchungaji alihitaji mtu wa kumshika bibi upande wa pili, na ghafla wazee wote wa kanisa wakapatwa na kikohozi. Mke wangu akanigeukia. Nikavua viatu, nikasema bismillah kimoyomoyo, nikashuka. Joto la masufuria lilikuwa la juu juu tu, unene wa kiganja. Chini ya hapo sikuwa na miguu tena.

Bibi akashuka katikati yetu na gauni jeupe, kanga imefungwa kiunoni. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Niliogopa. Niliogopa moyo wake utasimama mikononi mwangu, kwenye bwawa langu, nikamshika kwa nguvu kuliko nilivyoagizwa.

Binti yake alisimama ukingoni, simu ameinyanyua mbele ya uso. Ndani ya simu ulikuwamo ukoo mzima, umejazana sebuleni huko Machakos, ukiimba pambio lake ambalo halikupatana hata kidogo na la kwaya. Mchungaji akainua mkono, meno yakigongana. "Kwa jina la Baba..."

"Ngoja," bibi akasema.

Akamgeukia binti yake. "Weka hiyo simu chini. Hao nitakuwa nao wiki hii. Wewe niangalie."

Binti akailaza simu kifudifudi juu ya turubai. Mchungaji akaanza upya. Tukamzamisha bibi, binti yake akimtazama kwa macho yote mawili, na kutoka kwenye turubai ukoo mzima ukawa unapiga kelele kwamba hawaoni kitu.