Skuta Isiyo na Mlio

Mume wangu alifia barabara ya Tunduru, juu ya pikipiki ya kazini kwake, mwaka ambao maduka ya Songea yalianza kujaa vitu vya nje, hata vile ambavyo hakuna aliyejua matumizi yake. Alikuwa bwana shamba. Asubuhi ile aliondoka na koti langu la mvua, kwa sababu lake lilikuwa limechanika kwapani. Jioni wakaniletea koti.

Nilipomaliza eda nilirudi kufundisha. Shule ilikuwa Mjimwema na mimi nilipanga Mshangano, mahali ambapo mji unaishia kwenye mahindi. Nilikwenda na kurudi kwa miguu. Umbali niliuzoea. Nilichoshindwa kuzoea ni pikipiki, maana zilianza kuwa nyingi, na kila iliyokuja nyuma yangu jioni ilinisimamisha. Ile ya marehemu ilikuwa ikikohoa mara moja kabla ya kubadili gia. Basi kila niliyoisikia niliisubiri ikohoe. Nyingine zilikohoa.

Kipupwe kilipoingia goti langu la kushoto likavimba. Baiskeli nisingeiweza. Walimu wenzangu wakaniambia katikati ya soko yupo mfanyabiashara kutoka Makambako aliyeleta skuta mbili za mitumba, nyepesi, za kufaa mwanamke. Nikaenda.

Aliiwasha ile nyekundu kwanza. Ilipolia, sijui nilifanya nini. Nilijikuta ng'ambo ya mtaro, nimekumbatia nguzo ya duka la jirani.

"Mwalimu, vipi?"

"Izime. Izime tafadhali."

Akaizima, akaniangalia kwa huruma. Nikamwuliza habari za ile nyingine, ya kijivu, iliyoegemezwa ukutani.

"Ile hata mimi imenichosha," akasema. "Haina injini. Inakula umeme kama redio. Nani ataitaka hapa?"

Akazungusha mshikio wa usukani wake. Gurudumu la nyuma likazunguka, na sikusikia kitu ila watu wa sokoni wakiulizana bei ya dagaa.

"Nataka hii."

"Hujaipanda hata kidogo, mwalimu."

"Hiyo hiyo."

Nyumbani kwangu hapakuwa na umeme, kwa hiyo nilikuwa naiingiza stoo ya shule kila asubuhi na kuichaji, siku ambazo mgao ulituruhusu. Majuma ya mwanzo nilipata raha niliyokuwa nimeisahau. Ukungu wa asubuhi, barabara nyekundu, na kimya. Sikungoja tena kikohozi cha mtu.

Kumbe kimya kile kiliwatisha wengine. Nilimsalimu mzee mmoja kwa nyuma, "Shikamoo, baba," akatupa jembe akaruka kwenye matuta. Watoto walikimbia. Wanywaji wa pombe ya komoni wakinyanyua vichwa na kuniona nimeshafika, walinyamaza mpaka nipite. Mjane, nguo nyeusi, anateleza bila mlio: leo nikiwaza, mimi mwenyewe ningekimbia.

Halafu jioni moja nikawafikia wanawake wawili bombani, wamenipa mgongo, ndoo zinajaa.

"Ile haina injini," mmoja alikuwa anasema. "Shemeji yangu ameichungulia. Hamna kitu ndani."

"Sasa inakwendaje?"

"Si ni mumewe! Anamsukuma."

Nikapita. Waliponiona, ndoo ilifurika na hakuna aliyeigusa.

Njiani mwangu kulikuwa na kilima kimoja, karibu na kufika nyumbani. Skuta ilikuwa ikilegea pale katikati, kisha, kabla haijafika juu, inapata nguvu tena. Siku zote nilikuwa nimelichukulia jambo hilo kuwa tabia yake tu. Jioni ile ilipopata nguvu nilihisi kiganja mgongoni, chini kidogo ya shingo, mahali marehemu alipozoea kunishika tukivuka barabara. Sikugeuka. Nilifika nyumbani nimelowa jasho, na usiku sikula.

Kesho yake nilikihisi tena, na keshokutwa. Nikaanza kuzungumza naye pale kilimani, kwa sauti ya chini. Nikaanza kukaa mbele sana kwenye kiti ili pabaki nafasi. Niliogopa kila siku, na kila siku kengele ya mwisho ikigongwa nilikuwa wa kwanza kutoka.

Maneno yakafika Namasakata, kijijini kwao marehemu. Mama mkwe wangu akaja kwa basi na kapu la mchele. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa mkekani bila kuvua viatu.

"Nimesikia mwanangu anakusukuma."

"Ni maneno ya watu, mama."

"Sikuulizi maneno ya watu. Nakuuliza wewe."

Nikaliinua kapu la mchele, nikalipeleka jikoni. Niliporudi akasema, "Basi kesho nipakie."

Kesho yake, Jumamosi alasiri, akakaa nyuma yangu upande upande, mkono wake kiunoni mwangu. Kwenye tambarare alikuwa anaongea Kiyao polepole, na hakuwa akiongea na mimi. Tulipoanza kupanda kilima, skuta ikalegea kama kawaida. Ikazidi kulegea. Tukafika pale ilipozoea kupata nguvu, ikasimama.

Nilitaka kushuka.

"Bado," akaniambia. "Tumsubiri."

Nikashika breki, miguu chini, goti linawaka. Mahindi yalikuwa yanachakarika kando yetu. Watu wawili walipita, wakatusalimu, wakaharakisha. Nilisikia pumzi ya mama mgongoni mwangu, mahali pale pale, na hapakuwa na kingine chochote.

Hatimaye alishuka, akakaza kanga yake kiunoni. "Tusukume."

Tukasukuma. Kufika juu akakipiga kiti kwa kiganja, mara nyingi, kama anayemchapa mtoto.

"Angekuwepo asingeniacha mimi nisukume," akasema. "Na wewe na goti hilo. Nilimzaa, namjua." Hapo ndipo alipolia, nami nikalia naye.

Alikaa nami mpaka mchele ukaisha, akarudi kwao. Jumatatu ya kwanza baada ya kusukuma, nilipanda kilima peke yangu. Skuta ikalegea, ikapata nguvu. Nikaona kwamba barabara pale hulala kidogo, mwinuko ukapungua, kabla ya kufika juu. Niligeuka nyuma. Barabara ilikuwa tupu.

Masika yalipokuja betri ikafa, na yule mfanyabiashara hakuwa na nyingine. Nikarudi kwenye miguu. Jirani yangu aliyekuwa akiuza mboga alinikuta njiani, akanitazama vizuri.

"Mwalimu, siku hizi unatembea. Amekuacha?"

"Amemsindikiza mama yake Namasakata," nikamjibu.

Aliitikia kwa kichwa bila kucheka, akanipa fungu la chainizi, akasema nikimwona nimsalimie.