Shemeji alivyoziba matundu yote ya hewa, kisha akatuwashia mkaa sebuleni

Wakuu, habari za humu ndani. Mnaostahili shikamoo, zipokeeni.

Haya nimeyaona kwa macho yangu. Atakayesema ni chai aje Lushoto nimpeleke kwenye nyumba yenyewe.

Nina shemeji, kaka wa mke wangu. Mjuaji balaa. Hajawahi kukosea tangu azaliwe, muulize mwenyewe.

Kajenga huko juu, njia ya Mlalo. Nyumba kali, sikatai: jipsamu, tailizi, madirisha ya alumini. Fundi alimwachia matundu ya hewa juu ya kila dirisha. Jamaa akaona yanaingiza baridi, akayaziba kwa saruji. Madirisha nayo akayapiga silikoni yasifunguke kabisa!

Wakuu, hiyo ni nyumba ya milimani. Wanapika ndani, wanaanika nguo ndani. Mvuke utokee wapi? Puani kwake?

Masika yalipoingia kuta zikatoa jasho. Fangasi weusi wakajaa kila kona, magodoro yakanuka kama soksi.

"Rangi feki hii," akasema. Akapaka nyingine. Fangasi wakarudi. Kosa la muuza rangi, bila shaka.

Sasa ikafika sherehe ya kipaimara cha binti yake. Nje mvua, tumejazana sebuleni. Mama mkwe wangu, yaani mama mzazi wa shemeji, katoka Mgwashi, kakaa kwenye kochi la pembeni.

Shemeji aibu ya kuta ikamshika. Akaleta majiko mawili ya mkaa, akafunga mlango.

"Yatakausha kuta na nyie mpate joto. Mkaa umekolea, hauna moshi."

Nikamwambia, "Shemeji, tuache basi mlango wazi."

Akacheka. "Wewe umezoea nyumba za udongo."

Baada ya muda kichwa kikaanza kunigonga. Watoto wanasinzia na sahani mapajani. Mke wangu akamwita mama yake, "Mama! Mama!" Kimya. Kalegea.

Shemeji anasema, "Mwacheni apumzike, kashiba pilau."

KASHIBA PILAU! Mama yake!

Mke wangu hakubishana. Akafungua mlango, akabeba mchi jikoni, akapasua dirisha. Tukamtoa mama barazani, wengine wanatapika kwenye maua.

Mnajua kaka mtu alisema nini?

"Nani kavunja kioo changu?"

Hospitali walimwekea mama oksijeni. Daktari akasema ni hewa ya mkaa. Haionekani, hainuki, na mkaa uliokolea unaitoa vilevile. Mama akazinduka, Mungu mkubwa.

Nilichojifunza: mkaa usiingie mahali pa kukaa wala kulala. Unyevu haufunikwi kwa rangi, unafunguliwa njia utoke. Na mkiumwa vichwa wote kwa pamoja, tokeni nje kwanza, ubishi baadaye.

Siku ya kuruhusiwa, shemeji kaja wodini kifua mbele, anataka kumrudisha mama kwenye nyumba yake ileile.

Mama akamtazama. "Nipelekeni Mgwashi. Kwangu hata moshi una pa kutokea."

Wenye wajuaji kwenye ukoo, karibuni mtiririke hapa chini.