Pima Tatu, Jamvi Moja

Chwaa! Chwaa! Sauti ya miyaa, yale majani ya kusukia mikeka, ikichanwa inakufikia kabla hujauona mlango wa Bi Tumu binti Gharib, mtaa wa Kibokoni. Ni Alhamisi, saa mbili asubuhi. Ndani, wanawake watatu wameketi sakafuni, miguu wameinyoosha, wanagombana huku wakicheka.

"Mliniambia pima sita, na hizi ni pima sita!" anaapa Mwanaesha, jirani wa Bi Tumu.

"Pima za nani, shoga? Za kuku?" anamjibu Mwanabaraka, wifi wa Bi Tumu, mwanamke atunguaye embe bila upondo.

Mbele yao zimelala kili, zile tepe ndefu za miyaa ambazo zikishonwa pamoja huwa jamvi. Kila mmoja alisuka zake nyumbani na kuzipima alivyofunzwa na mamake: nyoosha mikono, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole ndiyo pima. Kwa mkeka wa kitanda, kazi ya mtu mmoja, kipimo hicho hakijapata kumwaibisha mtu. Lakini jamvi hili lina wasukaji watatu. Za Mwanabaraka zimepita, za Mwanaesha zimepungua, na ukingo umekuwa meno ya mamba.

Bi Tumu hacheki tena. Jamvi ni la chumba cha wanawake katika msikiti mmoja wa Bondeni, na kesho ni Ijumaa. Likienea ukuta kwa ukuta, atapewa kusuka majamvi ya msikiti mzima. Lisipoenea, wazee wataagiza Pemba, kama kila mwaka.

Tangu afiwe na mumewe, mwaka wa pili wa vita vikuu vya dunia, miyaa ndiyo iliyolisha watoto wake wanne. Mkeka mmoja humpa shilingi nne. "Ati Mombasa hatujui tena kusuka," anasema, macho yakiwaka. "Waje!"

Anavaa buibui, mbio hadi Ndia Kuu kwa Sattar, muuza nguo, kuazima yadi yake ya chuma.

"Na wateja niwapimie nini, Bi Tumu? Pua?"

"Wapimie ile ya mbao. Hii leo inakwenda kutafuta thawabu."

Sattar anacheka, anampa. Bi Tumu anapitia Bondeni, anapima urefu wa chumba: yadi kumi na moja. Anarudi akitweta.

"Chuma hiki hakina mama wala shangazi," anawaambia wenzake. "Hakirefuki, hakichoki, hakimpendelei mtu. Leo sote tuna mkono mmoja."

Mwanaesha anachomeka miyaa mipya, anaendeleza zake. Mwanabaraka anafumua, akinung'unika.

"Kwani urefu umekuwa dhambi?"

"Si dhambi, wifi yangu. Fumua!"

Wanashona wakiimba hadi kazi inakwisha.

Ijumaa asubuhi jamvi linakunjuliwa. Linagusa kuta zote nne, halijikunji wala halipungui. Mwanaesha anapiga kigelegele, akakumbuka yuko msikitini, akajiziba mdomo. Mzee Kamaludin, mwangalizi wa msikiti, anatembea pembe hii hadi ile, miguu mitupu, akitabasamu peke yake.

"Na kule mbele, kwa wanaume, binti Gharib? Utakuweza?"

Bi Tumu anasimama wima.

"Mzee wangu, nisikilize, na hawa ni mashahidi wangu. Inshallah, mwezi wa Ramadhani ukiandama, msikiti huu hautakuwa na paji la uso litakalogusa sakafu tupu."