Sabir na Makalvati ya Kivukoni

Hapa Kuze watu walimwita Sabir bibi harusi. Dereva wa malori, pande la mtu, sharubu zimejaa, lakini jina likamganda, maana alikataa mizigo kama mwari akataavyo posa. Saruji imerundikwa upande mmoja, hapeleki. Mitungi ya gesi haikufungwa, hapeleki. Wenye umri wao wanamkumbuka babake, marehemu Taib, alivyokuwa akilizunguka lori lake la mbao, akivuta kila kamba kabla ya kupanda, watoto wakimfuata nyuma wakimwigiza. Damu ni ile ile.

Lakini matajiri wa malori nao huambiana. Mwaka mzima Sabir alishinda barazani, mkewe Maisara akipika mahamri ya kuuza na kunyamaza. Ulipoingia Ramadhani, Ishaq, msimamizi wa yadi moja huko Shimanzi, akamwita kazini. Maisara akamfuata mpaka mlangoni.

"Sabir, nakuomba kwa jina la Mungu. Mzigo hunu wa leo usiukatae."

Mzigo wenyewe ulikuwa makalvati, yale mabomba mazito ya zege yatiwayo chini ya barabara, yaende Diani. Yalikuwa yamelazwa kukingama lori, na badala ya kabari za mti mgumu za kuyazuia, pametiwa vipande vya mbao za kreti. Badala ya minyororo, kamba.

"Bwana Ishaq, haya yataviringika."

"Bibi harusi ameanza!" Wapakizi wakaangua kicheko. "Kaza kamba, upite feri. Barabara ya Dongo Kundu yazunguka, na mafuta si maji. Ama nimwite mwengine?"

Sabir akaukumbuka uso wa Maisara pale mlangoni kwao. Akakaza kamba mpaka viganja vikamuwaka, akapanda.

Kivukoni alifika jioni, wakati ambao hakuna mwenye subira. Watu wana saumu, jua lashuka, kila mmoja ataka kufuturu kwake ng'ambo, Likoni. Abiria wa miguu walikuwa wamejazana nyuma ya lango, na magari yamefuatana hata mwisho wake huuoni. Askari akampungia mkono ashushe lori. Magurudumu ya mbele yakaingia mteremkoni, na hapo hapo Sabir akasikia mbao zikivunjika mgongoni mwake. Kisha kishindo. Kichwa cha lori kikatikisika. Kalvati la mbele lilikuwa limekuja kukiegemea.

Akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, akavuta na ya mkono. Mbele yake mteremko mtupu mpaka kwenye feri. Kando yake lile lango. Likifunguliwa, umma wote ule utapita mbele ya lori.

"Teremka wewe!" askari akapiga kelele.

"Siteremki! Usifungue lango! Mzigo umefunguka!"

Honi za nyuma zikayameza maneno yake. Mama mmoja akatoa kichwa kwenye tuktuk. "Mtu mzima ovyo! Wataka tufuturu moshi wako?"

Askari akageuka, akaelekea langoni. Sabir akailalia honi, wala hakuiachia, mpaka askari akarudi amefura. Na Bonface, dereva wa lori la nyuma, akaja mbio, akarukia kipandio na kumkamata Sabir shati kupitia dirishani.

"Mzee, unatuchezea?"

"Nivute ukitaka. Lakini kwanza tazama nyuma yangu."

Bonface akatazama. Mkono ukaliachia shati. "Ngai!" Akaruka chini. "Afande, usifungue! Hii kitu ikishuka inamaliza watu!"

Lango likabaki limefungwa. Magari yakaanza kurudi nyuma, moja moja, kwa matusi. Bonface na wenzake wakatia mawe chini ya magurudumu, wengine wakaenda kutafuta minyororo. Adhana ya magharibi ikalia, na mguu wa Sabir ungali pale pale juu ya breki. Yule mama wa tuktuk akaja kwa miguu yake, akampenyezea tende dirishani.

"Haya, fungua saumu. Lakini huo mguu usiutoe, mwanangu. Tafadhali."

Hakuutoa mpaka makalvati yakafungwa minyororo na gari la kuvuta likamrudisha juu, polepole. Ishaq naye akawasili. Hakuitazama kamba wala zile mbao zilizovunjika. Alinyosha mkono tu.

"Ufunguo."

Sabir akampa.

Akarudi kwa miguu, akipita ufukweni Mama Ngina penye moshi wa mihogo na watu wanaocheka. Maisara alikuwa ashasikia, khabari katika mji huu hutangulia mtu. Alikuwa ameketi kando ya sinia iliyofunikwa kawa, uso ameupa ukuta.

"Umeukataa."

"Nimeukataa."

"Kivukoni, Sabir! Watu na njaa zao."

"Yadini niliona ni mzigo mbaya. Nikakukumbuka wewe, nikaupeleka."

Maisara akageuka. Akafunua kawa, akammiminia uji.

"Nduguye shoga yangu Lamis atafuta dereva wa lori la mchanga," akasema mwisho. "Kesho nenda. Na ukiona wamepakia ovyo, kataa hapo hapo yadini. Usinikumbuke mimi."